Upande wa Pili wa Santuri

Rafiki yangu alihesabu siku kumi. Kila asubuhi aliweka picha mpya kwenye simu: zimebaki siku kumi, zimebaki tisa, zimebaki nane. Kava ya wimbo ilikuwa na moshi wa zambarau, na yeye amegeuza uso kama mtu aliyeitwa na mtu asiyemjua. Zikiwa zimebaki siku tatu akaachia kionjo cha sekunde kumi na tano. Ijumaa usiku tulikuwa watu sita kwenye chumba chake Zimmerman, wengine kitandani, wengine juu ya ndoo zilizopinduliwa, tukingoja saa sita kamili.

Saa sita ikafika, wimbo ukatoka. Tukaurudia mara nne, tukapiga makofi, tukaenda kulala. Kufikia Jumapili jioni ulikuwa umesikilizwa mara 214, na nina hakika kama arobaini hivi zilikuwa zetu sisi.

Wimbo haukuwa mbaya. Ningekuwa nadanganya nikisema ulikuwa mbaya. Lakini shilingi 18,000 ziliingia pale: studio, picha, matangazo ya mtandaoni. Nusu ilitoka kwa mkopo wa simu, nusu kwa chama cha mamake. Jumatatu wenye mkopo wakaanza kumtumia ujumbe wa kila siku, na hiyo ndiyo hesabu ya siku pekee iliyobaki.

"Manze, nilikosea wapi?" aliniuliza. "Si nilifanya kila kitu wanachosema?"

Sikuwa na jibu. Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, na kitu kimoja nilichotoka nacho ni tabia ya kuuliza jambo lilianzia wapi. Basi nikaenda Kariobangi kwa mjomba wangu.

Mjomba anatengeneza redio na amplifaya kwenye kibanda ambacho hata paka hawezi kujigeuza ndani yake. Chini ya meza ana sanduku la santuri ndogo, zile za duara lenye tundu kubwa katikati. Nilimweleza habari ya rafiki yangu. Hakusema kitu. Alichomoa santuri moja, akaipangusa na shati, akaiweka. Ilikuwa rumba ya miaka ya sabini. Mwimbaji akaanza kulalamika kuhusu mke wake, magitaa yakamfuata polepole, na pale tu mambo yalipoanza kuchemka sauti ikafifia, sindano ikabaki ikikwaruza.

"Imeisha?" nikauliza.

"Imeisha vipi? Geuza."

Hapo ndipo nilipoelewa maneno ambayo nilikuwa nimeyaona mara nyingi kwenye lebo za santuri za kale bila kuyafikiria: sehemu ya kwanza, sehemu ya pili. Santuri ya mizunguko 45 kwa dakika haikuweza kubeba muda mrefu upande mmoja. Nyimbo za dansi zilikuwa ndefu, kwa hiyo zilikatwa katikati. Mara nyingi upande wa kwanza ulibeba kisa, na upande wa pili ndio magitaa yalifunguliwa kamba. Mjomba anasema redio ikiwa na haraka iliishia upande wa kwanza. Wewe uliyeusikia ukiosha vyombo ulibaki na nusu ya wimbo kichwani. Ukitaka nusu ya pili, uende baa yenye santuri hiyo, au uende River Road, ambapo maduka yaliweka spika mlangoni na watu wakasimama barabarani kama wanaongoja gari.

"Hakuna mtu alituambia tungoje," mjomba akasema. "Tulingoja kwa sababu mtu alikuwa ameanza kusema kitu na hajamaliza."

Nimekaa na sentensi hiyo miezi kadhaa sasa. Nadhani ndiyo historia nzima. Ukirudi nyuma katika muziki wetu, hata kabla ya River Road, utaona jambo hilohilo: watu hawakuwa wakingoja wimbo. Walikuwa wakingoja kusikia mtu fulani atasema nini kuhusu jambo ambalo tayari liko midomoni mwao.

Tuanze Unguja. Siti binti Saad alizaliwa Fumba karibu na mwaka 1880, mtoto wa watu maskini wenye asili ya utumwa, akauza vyungu akipita mitaani huku akiviimbia. Alipohamia mjini mwaka 1911 alijifunza taarab, muziki ambao hadi wakati huo ulikuwa wa majumba ya kisultani na uliimbwa kwa Kiarabu. Yeye aliuimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 yeye na wenzake walipanda meli kwenda Bombay kurekodi santuri za kampuni ya HMV, na ndiye anayehesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kurekodi. Shaaban Robert alimwandikia wasifu, kwa hiyo hatuongei hadithi za vijiweni.

Watu hupenda kuanza hadithi ya Siti hapo Bombay. Mimi naona tuanze kabla ya meli. Nyumbani kwake Ng'ambo, upande wa pili wa mji ambako waliishi watu wa kawaida, watu walikusanyika usiku kumsikiliza akiimba na kundi lake. Na kile alichoimba kilikuwa mji wenyewe: nani kaonewa mahakamani, nani kala pesa za watu, nani kapigwa na mumewe. Wimbo wake mmoja maarufu, "Kijiti", unahusu kesi ya kweli. Mwanamke mgeni aliyetoka Dar es Salaam aliuawa, mtuhumiwa akatoroka kwenda bara, na mwishowe waliofungwa ni mashahidi, wanawake wenyewe waliokwenda kutoa ushahidi.

Jiweke kwenye mtaa ule. Kesi unaijua. Umeizungumza sokoni, umeizungumza kisimani, na kila mtu ana hasira ambayo hajui aiweke wapi. Hakuna gazeti litakaloandika unavyotaka wewe. Halafu jioni unasikia kwamba Siti ana wimbo. Je, unahitaji picha ya moshi wa zambarau? Unahitaji kuambiwa zimebaki siku tisa? Unachotaka kujua ni kitu kimoja tu: amesemaje?

Kwa hiyo santuri za Bombay ziliposhuka bandarini hazikuwa nyimbo mpya kwa watu wa Ng'ambo. Zilikuwa maneno yao wenyewe yaliyosafiri ng'ambo ya bahari na kurudi yakiwa yamechongwa kwenye kitu cheusi cha duara. Mtu hungoja hivyo akiwa anangoja kitu ambacho ni chake.

Ukitoka Unguja, vuka bahari uje Tanga, uone jambo hili likigeuka kuwa vita. Katika miaka ya sitini na sabini mji huo ulikuwa na vikundi viwili vya taarab vilivyotazamana kwa jicho baya: Black Star na Lucky Star. Shakila Saidi, sauti iliyowatoa watu machozi pwani nzima, aliimba na vyote viwili. Kwenye taarab ya mashindano wimbo ni jibu. Upande huu ukiimba fumbo, upande ule unakwenda kulifumbua na kutafuta la kurudisha. Mashabiki wanagawanyika, majirani wananuniana, na harusi inageuka uwanja.

Miaka ya tisini moto huo ulihamia Dar es Salaam, TOT kwa upande mmoja na Muungano kwa upande mwingine, Khadija Kopa na Nasma Khamis wakirushiana mipasho huku kumbi zimejaa. Waliokwenda ukumbini walikwenda na swali: baada ya alichoambiwa wiki iliyopita, leo atajibu nini? Mwanamke mwenye ugomvi wake mwenyewe alisubiri ule ubeti unaomhusu, akasimama na noti mkononi, akacheza taratibu hadi mbele ya mwimbaji, akatunza huku akimwangalia mbaya wake. Wimbo ulikuwa umemsemea. Wiki ijayo mbaya wake naye angekuja na noti yake.

Sisi wa Nairobi tulikuwa na letu. Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili kutoka Tanga, Wilson na George Kinyonga, ilikuwa imetia mizizi Kenya tangu mapema miaka ya sabini. Mwaka 1978 ikapasuka. Baadhi ya wanamuziki wake, wakiwemo mpiga gitaa Omar Shabani na Tom Malanga wa besi, waliondoka na kuunda Les Wanyika. John Ngereza akajiunga nao. Baadaye likaja tena jina jingine, Super Wanyika, la Issa Juma. Jiji likawa na ukoo mzima wa Wanyika, na kila tawi lilikuwa na watu wake wa kuapa kwamba ndilo lenye muziki wa kweli.

Les Wanyika walipotoka, wimbo uliowatambulisha ulitungwa na Omar Shabani na uliitwa "Sina Makosa". Wimbo wenyewe ni wa mapenzi. Lakini mjomba, aliyekuwa kijana wakati huo, anasema aliposikia jina tu alicheka. Bendi imevunjika, watu wanaulizana baa kwa baa nani kamkosea nani, halafu waliotoka wanakuja na wimbo wenye jina hilo! Kama walikusudia au hawakukusudia, hilo wanalijua wao. Mjomba aliununua siku ya mshahara, na sababu yake ya kuununua ilianza kabla hajasikia gitaa lolote.

Halafu kuna mwaka 2002, ambao sisi wengine tulikuwa watoto wachanga au hatujazaliwa. Gidi Gidi Maji Maji walitoa "Unbwogable". Neno lenyewe limeunganishwa, shina la Kidholuo lenye maana ya kutishwa likavishwa mwanzo na mwisho wa Kiingereza: asiyetishika. Vijana wawili walikuwa wakijisemea wenyewe, wakijipa moyo katika kazi ya muziki. Lakini nchi nzima ilikuwa inatafuta neno kama hilo. Baada ya miaka 24 ya Moi, upinzani umeungana chini ya NARC, na watu walikuwa na hisia ambayo haikuwa na jina. Wimbo ukalileta jina. Kufikia uchaguzi wa tarehe 27 Desemba ulikuwa umekuwa wimbo wa kampeni, unaimbwa na wazee ambao hawajawahi kununua muziki wa kufokafoka maishani mwao.

Hapo hakukuwa na siku za kuhesabiwa. Au tuseme zilikuwepo, ila zilihesabiwa na nchi nzima, na wimbo ukaingia katikati ya hesabu hiyo.

Najua kuna atakayeniambia mambo yamebadilika. Atanitajia Beyoncé, ambaye tarehe 13 Desemba 2013 aliachia albamu nzima usiku bila tangazo lolote na dunia ikasimama. Kwamba leo ni suala la ukubwa wa jina, basi. Lakini hata huyo usimtazame usiku ule peke yake. Kufikia hapo dunia ilikuwa imezungumza naye kwa miaka kumi na mitano, tangu akiwa na Destiny's Child: kuhusu sauti yake, ndoa yake, babake aliyekuwa meneja, mtoto wake. Mazungumzo yalikuwa yanaendelea. Alichofanya ni kujibu bila kubisha hodi.

Rafiki yangu alibisha hodi siku kumi kwenye nyumba ambayo hakuna mtu aliyekuwa anamngoja. Nasema hivyo kwa upendo. Kionjo chake cha sekunde kumi na tano kilikuwa na sauti nzuri na maneno kuhusu usiku, taa za jiji na msichana asiye na jina. Hakuna mtu aliyebaki akijiuliza baadaye ilikuwaje, kwa sababu hakuna kitu kilichokuwa kimeanza.

Sitaki kuipaka asali historia hii. Watu waliotufanya tungoje hawakulipwa kwa kutungojesha. Kule Tanzania, NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964 na ambayo leo mnaijua kama Msondo, ilikuwa bendi ya jumuiya ya wafanyakazi, na wanamuziki walikuwa waajiriwa. Nyimbo zilirekodiwa Radio Tanzania, zikapigwa nchi nzima, na mpiga gitaa akarudi kungoja mwisho wa mwezi kama karani. Huku kwetu, kanda bandia za miaka ya themanini zilimaliza biashara ya santuri. Mjomba ananyoosha kidole kwenye sanduku lake na kunitajia wanamuziki aliowaona kwa macho yake wakitoka jukwaani usiku na kutembea kwa miguu kwenda nyumbani kwa kukosa nauli. Hamu ya watu haikuwalipia nauli. Hamu ni yao waliongoja. Pesa ilikwenda kwa mwenye baa, mwenye duka, mwenye mashine ya kunakili kanda.

Lakini angalau mshahara ule mdogo wa bendi uliwapa kitu ambacho rafiki yangu hana: muda. Bendi iliyopiga usiku nne au tano kwa wiki mbele ya watu walewale ilijua mtaa unasema nini, kwa sababu ilikuwa ndani ya mtaa. Iliona ubeti upi umewainua watu vitini na upi umewapeleka msalani. Msanii wa leo anakaa chumbani peke yake, anarekodi peke yake, halafu anajaribu kununua kwa shilingi 18,000 kile ambacho wenzake walikijenga kwa miaka.

Nilimpelekea haya yote, nikamsomea kutoka kwa simu. Alisikiliza, akanuna, akasema, "Kwa hiyo nianze kuimba kesi za mahakamani?" Tukacheka. Sikuwa na dawa ya kumpa. Mimi ni mwandishi, si daktari, na mwenyewe nina makala matatu yaliyosomwa na mamangu tu.

Halafu Agosti maji yakakatika kwenye ploti yao. Siku ya tisa bila tone, msimamizi wa ploti bado anadai pesa ya maji, na watu wanapanda ngazi hadi orofa ya tano na mitungi ya lita ishirini. Rafiki yangu ana mdomo, hilo mjue. Akiwa kwenye foleni ya mitungi akaanza kumwimba msimamizi. Mistari minne tu, kwa sauti ya kanisani, ya kumshukuru kwa kutufundisha mazoezi. Watu wakaangua kicheko hadi mama mmoja akamwaga maji yake. Kesho yake akaongeza ubeti: msimamizi kapotea, simu haipatikani, anasemekana ameonekana akioga kwa shangazi yake Ruiru.

Maji yalirudi. Wiki mbili baadaye nilikuwa napanda ngazi zile kwenda kwake. Kwenye orofa ya tatu mtoto wa miaka kama saba alikuwa anaosha viatu huku akiimba ubeti wa kwanza, wote, bila kukosea. Kwenye orofa ya nne mama mwenye duka la mandazi akanisimamisha.

"Wewe si ni rafiki ya yule kijana wa juu? Hebu muulize," akasema, "yule msimamizi alifika Ruiru, ama alishikwa njiani?"

Nikamfikishia ujumbe. Rafiki yangu alikuwa amelala chali, simu kifuani, mkopo haujaisha kulipwa. Aliinuka akakaa.

"Ameuliza hivyo?"

"Ameuliza hivyo."

Hajaurekodi bado. Anasema anataka kwanza amalizie ubeti wa tatu, na kwamba jioni watu huwa wengi kwenye ngazi.